Tupeane uzoefu: mgombea urais wa CCM uliyemtabiri, na siku jina lake lilipokatwa

Mleta mada

Ndugu wadau, majina ya 2030 yamekwishaanza kutajwa vijiweni, na safari hii mapema kuliko nilivyozoea. Sababu yake iko wazi. Katiba inasema kuwa Makamu wa Rais anayerithi kiti ikiwa imebaki miaka mitatu au zaidi ataruhusiwa kugombea mara moja tu, na Rais Samia Suluhu Hassan alikirithi Machi 2021, miezi michache tu baada ya muhula kuanza. Kwa hiyo 2030 nafasi ndani ya chama itakuwa wazi, na ndiyo maana kila mtu ana jina lake mfukoni. Kabla hatujayatoa majina hayo, naomba tusimuliane tulivyotabiri huko nyuma, nani alipatia, nani alikosea, na kosa lilikuwa wapi.

Naanza mimi. Mwaka 2015 nilikuwa na daftari la mistari nililoligawa safu tatu: jina, mikoa anakoungwa mkono, na vikao alivyokaa. Makada 42 walichukua fomu kwa shilingi milioni moja kila mmoja, wakazunguka nchi kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, Zanzibar ikiwemo. Kila gazeti lilipotoa picha ya msururu wa watu waliokuja kumdhamini fulani, niliongeza alama kwenye safu ya pili. Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, alijaza safu hiyo hadi nikagundisha karatasi ya ziada. John Magufuli, Waziri wa Ujenzi wakati huo, nilimwandika ukurasa wa pili, chini kabisa, na mbele ya jina lake sikuweka alama hata moja.

Usiku wa Julai 10 nilikaa na redio. Kamati Kuu ya CCM, kikao kidogo kinachochuja majina kwanza, ilipomaliza kazi yake, yalibaki majina matano: Bernard Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali na Magufuli. Nililitazama daftari langu nikaona kwamba safu iliyonishughulisha kwa miezi miwili haikuwa na kazi tena. Halmashauri Kuu, kikao kikubwa zaidi kinachofuata, ikayapunguza kuwa matatu, na Julai 12 wajumbe wa Mkutano Mkuu wakampa Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Dkt. Migiro 59. Nilikuwa nimehesabu watu wa viwanjani, ilhali karatasi ilipita kwanza mikononi mwa watu wachache walioketi chumba kimoja Dodoma.

Karibuni.

Mchangiaji wa Arusha

Ahsante, mleta mada. Yangu ni ya kibiashara. Ninachapa fulana. Mei 30, 2015, Lowassa alipotangaza nia katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nilikuwepo na nilishuhudia umati ambao sijauona tena pale. Wiki hiyo hiyo mpambe mmoja aliniagiza fulana 400 za kijani zenye maandishi ya njano, rangi za CCM, akatanguliza nusu ya malipo, akaniahidi iliyobaki siku jina litakaporudi. Sikumwomba hata andiko la makubaliano, kwa sababu nami niliamini jina litarudi.

Jina halikurudi, na simu ya yule mpambe ikawa haipokelewi. Julai 28 Lowassa alipohamia chama cha upinzani cha Chadema, baadhi ya jamaa walinishauri nimtafute mteja upande wa pili. Nani angevaa kijani na njano kwenye mkutano wa Chadema? Nilizikata vipande, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikifutia wino kwa vitambaa vyenye nusu ya jina. Jambo ninalotaka mlielewe ni kwamba yule bwana hakunidanganya. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliingia ukumbini wakiimba kuwa wana imani na Lowassa, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza hadharani kujitenga na uamuzi ule. Mapenzi yalikuwepo ndani ya chama, hata ndani ya vikao. Ila hayakuwepo ya kutosha kwenye kikao kinachoshika kalamu.

Mchangiaji wa Unguja

Sisi huku somo hilo tulilipata mapema. Mwaka 2000, alipotafutwa mgombea urais wa Zanzibar, Dkt. Mohammed Gharib Bilal ndiye aliyeongoza kura katika kikao cha huku kwetu, na marehemu baba yangu alirudi nyumbani kwa furaha, akavua kofia na kumwambia mama kuwa mambo yamekwisha. Mama alimuuliza jambo moja tu: "Dodoma wameshakaa?" Halmashauri Kuu ya Taifa ilipokaa Dodoma, ilimteua Amani Abeid Karume. Tangu siku hiyo, kila akitajwa mgombea nyumbani kwetu, kabla ya lolote tunaulizana kama Dodoma wameshakaa.

Mchangiaji wa Morogoro

Naomba kupingana kidogo na mleta mada, kwa heshima. Mwaka 2005 nilimtabiri Jakaya Kikwete, na kila mtu niliyemfahamu alimtabiri yeye. Akapita katika Mkutano Mkuu kwenye ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, kwa kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya. Kwa hiyo si kweli kwamba anayevuma mapema hukatwa siku zote.

Tofauti yake, kwa maoni yangu, ni aina ya watu waliokuwa nyuma yake. Mwaka 1995 Kikwete aliongoza duru ya kwanza, akashindwa na Benjamin Mkapa katika duru ya pili. Baada ya hapo alikuwa na miaka kumi, na kundi lililokuja kuitwa mtandao halikuitumia miaka hiyo kujaza viwanja. Nilikuwa katibu wa tawi wakati huo, na wageni waliokuja wilayani kwetu hawakuomba mkutano wa hadhara. Walitaka kujua nani atagombea ujumbe wa Mkutano Mkuu, ana shida gani, na watoto wake wanasoma wapi.

Mchangiaji wa Dodoma

Mimi nina nyumba ya wageni ya vyumba tisa. Kwa mazoea ya 1995 na 2015, mwishoni mwa 2024 niliamua kupaka rangi na kubadilisha magodoro kabla ya Juni, nikijua vikao vya kuteua huangukia Julai. Januari 2025 ukaitishwa Mkutano Mkuu Maalumu ambao sote tulijua ni wa kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti, nafasi aliyoipata Stephen Wasira. Wageni wangu walilala kwenye harufu ya rangi. Siku ya pili wajumbe wakapendekeza mgombea urais ateuliwe pale pale, na mkutano ukafungwa Samia ameshateuliwa, na Nchimbi akiwa mgombea mwenza. Tunaobashiri hubishana juu ya nani, tukasahau kubishana juu ya lini.

Mleta mada

Nimesoma yote, na nakubaliana na ndugu wa Morogoro: nilipaswa kusema umati wa aina gani. Niongeze tu jambo lililonishangaza nilipolirudia daftari. Jina la Nchimbi nimeliandika humo Julai 2015, miongoni mwa waliopinga uamuzi wa Kamati Kuu, na pembeni nikaandika "huyu basi tena". Leo ni Makamu wa Rais.

Jambo la pili linawahusu wanaoniambia kwamba Waziri Mkuu aliyepo ndiye wa kutazamwa. Cleopa Msuya alikuwa Waziri Mkuu 1995, akashindwa. Frederick Sumaye alikuwa Waziri Mkuu 2005, hakufika tatu bora. Mizengo Pinda alikuwa Waziri Mkuu 2015, jina lake halikuwemo hata katika yale matano. Simaanishi kuwa haiwezekani, ila anayeweka jina hilo juu ya orodha yake atueleze ni kitu gani kimebadilika.

Kama kuna aliyemwandika Magufuli kabla ya Julai 10, 2015, tafadhali ajitokeze atwambie aliona nini.

Mchangiaji wa Tabora

Nilimwandika, ingawa wa tatu. Nilikuwa mpima wa barabara. Nilimsikia zaidi ya mara moja akitaja urefu wa barabara kilomita kwa kilomita bila karatasi, lakini si hilo lililonifanya nimwandike. Mwezi ule wa fomu, kila kambi ilikuwa na orodha ya watu isiyowataka kabisa, nami nilikuwa na marafiki katika kambi tatu. Nikawauliza wote watatu. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya yeyote.