Sindano ya MOTS-c, kuna aliyewahi kuitumia? Naombeni ushauri

Wakuu heshima kwenu. Nina miaka 47, sukari yangu asubuhi kabla sijala inacheza kwenye 6.4, daktari anasema bado sio kisukari ila nipo mlangoni. Sasa jamaa mmoja tunafanya naye mazoezi jimu kanipa kichupa cha unga mweupe kinaitwa MOTS-c, nichanganye na maji ya sindano nijidunge tumboni chini ya ngozi mara 3 kwa wiki, eti inaamsha mitokondria (vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli), mafuta yanayeyuka na sukari inashuka, na yeye kweli kapungua. Kipo kwenye friji wiki ya pili naogopa, ila nikikumbuka mzee wangu alivyokatwa mguu kwa sukari napata tamaa. Nifanyeje?

Mdau_Maabara: Mkuu usijidunge. Kitu chenyewe kipo kweli, kiligunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California wakakitangaza 2015, ni kapeptaidi (kipande kidogo kama cha protini) ka amino asidi 16 tu na mwili wako unakatengeneza kutoka kwenye DNA ya mitokondria. Panya waliolishwa mafuta mengi wakadungwa hawakunenepa. Ila hao panya. Kwa watu walijaribu toleo lake lililofanyiwa marekebisho, linaitwa CB4211, wengine wakapata shida pale sindano ilipoingia, na mpaka leo haijawa dawa.

NesiWaZamu: Lebo inasemaje?

Muuliza: Kwa utafiti tu, sio kwa matumizi ya binadamu.

NesiWaZamu: Sasa kaka yangu. Hakuna aliyekagua kama ndani kuna hiyo MOTS-c au kitu kingine, wala kama haina vijidudu. Mimi nimeshasafisha majipu ya sindano za kujidunga nyumbani, sitaki yakukute.

Mkimbiaji: Kama jamaa yako anashindana mbio mwambie WADA, wale wa dunia wanaopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, wameipiga marufuku, akipimwa kwisha habari.

Mdau_Maabara: Halafu 2021 walipima vijana waliopiga baiskeli, MOTS-c kwenye misuli ikapanda karibu mara 12, bila sindano yoyote. Kwa 6.4 una nafasi kubwa ya kurudi, punguza uzito taratibu, muulize daktari kuhusu metfomini, ile dawa ya vidonge ya kushusha sukari.

Muuliza: Asanteni sana, nimekitoa kwenye friji. Jumatatu naenda kwa daktari. Jamaa yangu je, naye amwambie daktari wake?

NesiWaZamu: Amwambie yote, na aende na kichupa chenyewe mkononi.