Tanga au Bagamoyo kwa wanaofanyia kazi nyumbani: nipime nini kabla ya kulipa kodi?

Kibarua_wa_Mezani

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoijua vizuri Tanga mjini na Bagamoyo. Tuko wawili na mtoto wa darasa la 2. Kazi zetu zote ni za mtandaoni. Mmoja anafanya hesabu za kampuni ya hapa nchini kwa saa za kawaida, mwingine ana mteja New York, kwa hiyo mikutano ya video inaanza saa 10 au 11 jioni na inaweza kufika saa 5 usiku. Mara mbili kwa mwezi lazima mmoja afike Posta, Dar. Tunataka nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kiwe ofisi, na tunahama mwezi wa 9. Kila dalali anasema "mtandao hapa hauna shida" na anataka kodi ya miezi 6 mkononi. Mji upi, mtaa upi, na nipime nini mwenyewe?

Fundi_Nguzo

Mkuu, kabla ya mji chagua chumba. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kutofautiana kimtandao kama mbingu na ardhi, na tofauti hiyo dalali haijui.

Nenda na simu mbili zenye laini za kampuni mbili tofauti. Kwenye Android ingia Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -85 ni nzuri, -100 unaishi nayo, ikivuka -110 usiweke ofisi hapo. Pima ukiwa umesimama pale meza itakapokaa, mlango umefungwa. Kipimo cha barazani hakikusaidii.

Lakini mawimbi mazuri si kasi nzuri. Mnara unaweza kuwa jirani kabisa na bado ukazidiwa na watu. Kwa ratiba ya mteja wa New York saa zako ngumu ni saa 2 hadi saa 4 usiku, wakati mtaa mzima umerudi nyumbani na kila mtu anatazama video. Hiyo ndiyo saa ya kupima. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu urudi usiku, akikataa simama nje ya ukuta wake. Pima kasi mara tatu kwa kuachia dakika 10. Mkutano wa video wa watu wengi unataka kama Mbps 4 (megabiti kwa sekunde) za kupakia na 4 za kupakua, na inayoangusha watu ni ile ya kupakia. Watu wanasoma namba kubwa ya kupakua, wanafurahi, wanalipa kodi, halafu kwenye mkutano sauti yao inakatika huku wao wanawasikia wenzao vizuri kabisa.

Kisha unganisha kompyuta ya Windows na intaneti ya simu, fungua dirisha la amri, andika `ping -n 100 8.8.8.8` (hiyo ni seva ya Google) na usubiri. Mwishoni angalia pakiti, yaani vipande vya data, ngapi zimepotea. Moja kati ya 100 sawa, tano ni tatizo. Ucheleweshaji wa kwenda New York mara nyingi hupita milisekunde 200 popote utakapokaa nchini, huo ni umbali wa njia yenyewe na mazungumzo yanavumilia. Yasiyovumilika ni pale namba inaporuka kutoka 60 hadi 400 na kurudi.

Ukiambiwa faiba (intaneti ya waya) ipo mtaani, muulize aliyekuambia boksi la kuigawia nyumba liko nguzo ipi. Lione kwa macho, hesabu nguzo hadi kwako, halafu mpe mtoa huduma namba ya boksi akuambie kama kuna nafasi. Boksi la matawi 8 au 16 likijaa, faiba inapita juu ya bati lako na wewe huipati.

Mwana_wa_Dunda

Niongezee upande wa Bagamoyo. Kutoka mjini hadi Posta ni kama kilomita 70, ila usihesabu kilomita, hesabu kipande cha Tegeta hadi Mwenge. Ukitoka baada ya saa 12 asubuhi unakikuta kimeshajaa, na kazi za mwendokasi kwenye barabara hiyo zinapokuwa zimebana njia hali huwa mbaya zaidi. Kwa safari mbili kwa mwezi haikusumbui. Kwa safari mbili kwa wiki, kaa Mapinga au Kerege, usifike mjini kabisa.

Mjini kwenyewe, usivutiwe na nyumba za Mji Mkongwe kwa ajili ya ofisi bila kupima. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita si ajabu. Ndani kuna ubaridi mzuri sana mchana, lakini ukuta huohuo unakula mawimbi ya simu na ya ruta. Chumba cha mbele unapata, cha nyuma hupati kitu. Dawa yake ni kuweka ruta dirishani na kuvuta waya wa mtandao hadi mezani, usitegemee hewa. Na kwa kuwa ni eneo la kale, usidhani mwenye nyumba anaweza kukuruhusu tu utoboe ukuta au ufunge antena juu. Dunda nje ya kiini cha kale, Magomeni na Nianjema kuna nyumba za tofali za kawaida, huko kazi ni rahisi zaidi.

Maji: onja. Kisima karibu na ufuo mara nyingi kina chumvi. Osha mikono kwa sabuni ya mche, ikikataa kutoa povu ujue. Tazama sufuria ya chai ya mpangaji anayehama, ukoko mweupe ndani yake ni jibu tosha. Uliza kama bomba la DAWASA limefika ndani ya ua au limeishia barabarani, na tangi ni la lita ngapi. Kwa watu watatu lita 1,000 ndiyo mwanzo.

Bi_Chumbageni

Nduguzo wa Bagamoyo wamesema yao, sasa Tanga. Dar ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, basi linachukua saa 5 hadi 6 likienda vizuri. Kwa hiyo safari ya Posta ni ya kulala: unaondoka stendi ya Kange jana yake, unafanya shughuli, unarudi kesho. Mara mbili kwa mwezi inawezekana, weka nauli na malazi kwenye hesabu ya kodi kabla hujasema Tanga ni rahisi. Ofisi ikibadili ikataka kila wiki, Tanga itakuchosha.

Ukishakubali umbali, mji wenyewe unakaa vizuri na mtu wa mezani. Ni tambarare, watu wanaendesha baiskeli, shule na soko havikuli siku yako. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko mjini hapahapa. Maji ya mji yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, hayana chumvi ya visima vya pwani.

Mitaa: Raskazone ina nafasi na upepo wa bahari, na upepo huo una chumvi. Angalia nondo za madirisha na vichwa vya misumari ya bati. Vikiwa vimemomonyoka, soketi na mashine zako zitafuata njia hiyo. Fungua kifuniko cha soketi moja kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ukikuta ukijani kwenye shaba, nyaya zibadilishwe kabla hujahamia. Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ni karibu na kila kitu ila nyumba zimebanana: redio ya jirani, cherehani, watoto. Mtu wa mikutano ya usiku atapata utulivu, wa mchana hatapata. Chumbageni ni katikati ya hayo mawili. Nguvumali na Kange kuna nyumba mpya zenye ua, huko pima umeme kwa makini. Pongwe ni mbali, uwe na chombo cha usafiri.

Jambo jingine, mnatafuta nyumba kipindi cha kusi. Mwezi wa 7 na wa 8 kila chumba Tanga ni kizuri. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, chumba chenye dirisha la magharibi kinakuwa tanuri kuanzia saa 8 mchana hadi usiku, na ndizo saa za mikutano yenu. Simama mle chumbani saa 10 jioni uone jua linapoingia. Na kwa kuwa masika imepita, kagua ukuta kwa nje, kiganja kimoja kutoka chini. Mstari wa udongo au rangi iliyovimba unakuonyesha maji yalifika wapi.

Kibarua_wa_Mezani

Ahsanteni sana, nimejifunza zaidi ya nilivyouliza. Bi Chumbageni, hilo la kupima umeme mitaa mipya ni vipi? Na ukikatika saa 3 usiku katikati ya mkutano nahitaji vifaa gani?

Volti_12

Kuhusu mitaa mipya: nyumba nyingi zinaning'inia kwenye transfoma moja iliyo mbali. Mchana kipimo kinasoma volti 230, saa 2 usiku pasi na majiko yakiwaka inashuka hadi 180. Nunua kile kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, ukisome usiku. Chini ya 200, feni inazunguka kichovu na chaja nyingine zinakataa.

Sasa hesabu. Kompyuta wati 50, ruta na kiboksi cha faiba 15, feni 50, taa 10. Jumla 125. Mkutano wa saa 4 ni wati-saa 500, na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, inakula kama asilimia 15 juu yake, sema 575. Betri ya lithiamu ya volti 12 (hasa 12.8), Ah 100 yaani ampea-saa 100, ina wati-saa 1,280, inakupa karibu saa 8. Betri ya jeli ya Ah 100 usiishushe zaidi ya nusu, utapata saa 4 tu. Betri ya gari achana nayo: sahani zake nyembamba zimeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, ukiikamua kila siku inakufa ndani ya miezi.

Inveta ya wati 1,000 yenye wimbi safi, yaani umeme laini kama wa gridi, inatosha. Kwa volti 12 itavuta karibu ampea 95 ikijaa, hivyo waya wa betri uwe milimita 25 za mraba, usizidi mita 1, na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri. Fyuzi hii mafundi wengi wanairuka, na waya ukigusana ndipo nyumba inapoungua. Friji isiingie kwenye inveta hiyo.

AC ya BTU 9,000 ya kawaida, si zile za kupunguza kasi zenyewe, ikifanya kazi saa 8 kwa siku inaweza kula uniti 4 hivi. Siku 25 ni uniti 100, tayari umevuka 75 za wateja wa D1, kundi la TANESCO la matumizi madogo ya nyumbani. Ndiyo maana LUKU ya peke yako ni lazima, ukichangia mita na wapangaji wengine ugomvi utaanza mwezi wa kwanza.

Fundi_Nguzo

Laini mbili za kampuni mbili zisikudanganye, zinaweza kuwa zinaning'inia kwenye mnara mmoja. Subiri umeme wa mtaa ukatike kwa muda wa saa 2 au zaidi, uone kama zinazima pamoja. Zikizima pamoja, badilisha mojawapo. Ila Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima iliyumba kwa wakati mmoja. Kwa siku kama hiyo kubaliana na mteja mapema kazi ipi itafanyika bila mtandao.

Kodi ya miezi 6 omba ilipwe mara mbili, 3 na 3, na kwenye mkataba iandikwe kwamba unaruhusiwa kufunga antena na kuingiza faiba.