Wahudumu walikimbia korona au walikimbia mshahara?

Wakuu, kuna hoja inarudiwa sana: wahudumu wa wazee na wagonjwa waliacha kazi kwa sababu korona iliwachosha akili, hivyo wakipewa ushauri nasaha watatulia. Mimi naipinga.

Kuchoka walichoka, hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wahudumu wa afya na walezi 80,000 hadi 180,000 walifariki kwa UVIKO-19 kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Kwenye vituo vya wazee, mhudumu ndiye aliyeshika simu mbele ya uso wa bibi anayekata roho ili wanawe wamuage, kisha akabadili glavu akaenda kumlisha wa chumba cha pili. Semina haifuti hayo.

Ila tazameni Uingereza. Mwaka 2020, mhudumu aliyeugua na mwajiri wake hana mpango wa kumlipa aliambulia posho ya kisheria ya pauni 95.85 kwa wiki. Utafiti wa Vivaldi wa mwaka huohuo, uliochunguza korona kwenye vituo vya wazee vya England, ulikuta maambukizi ni machache zaidi kwenye vituo vinavyomlipa mfanyakazi akiwa mgonjwa. Asiyelipwa huja kazini na kikohozi chake. Halafu unamwambia avute pumzi ndefu!

*Jibu:* Mkuu, nusu nakubali, nusu hapana. Wapo manesi wa vyumba vya wagonjwa mahututi wenye mishahara ya maana, na bado waliondoka. Ukijua mgonjwa alistahili nini na ukashindwa kumpa, hela haikuondolei hilo kifuani. Na chanjo je? England iliilazimisha kwa wahudumu wa vituo Novemba 2021, ikaifuta amri hiyo Machi 2022. Katikati hapo watu walipoteza kazi, na mshahara haukuwa shida yao.

*Mleta mada:* La chanjo nakuachia. Lakini huyo nesi alishindwa kwa nini? Kwa sababu mara nyingi zamu ilikuwa na watu pungufu. Anayeondoka anamwachia mwenzake mzigo, naye kesho anaandika barua. Uskoti iliwapa wahudumu zawadi ya hadi pauni 500, mara moja tu. Ahsante yao nzuri, ila zawadi ya mara moja haipandishi mshahara wa kila mwezi. Anayeamini ushauri nasaha unajaza zamu aje atueleze unaijazaje.