Minivan inagonga mbele kushoto, nibadilishe rak?

Dereva wa Familia: Wakuu, msaada. Minivan inagonga mbele kushoto kwenye mashimo madogo nikienda polepole. Barabara nzuri, kimya. Fundi anasema rak ya usukani, ile fimbo yenye meno inayogeuza matairi. Nibadilishe? Naogopa kupakia watoto.

Spana Kumi: Anza na linki, vile vijiti vinavyounga stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala) na kila upande wa mbele. Inua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, weka stendi. Ukiinua upande mmoja, stabilaiza inajisokota na kuzivuta linki, hutahisi mlegeo. Zifungue zote mbili, zifunge kwa waya mbali na matairi, pita polepole palepale. Kukiwa kimya, umempata mchawi. Usikimbie, gari litalala kwenye kona.

Mzee wa Bushi: Mimi nasema bushi, mpira wa nyuma wa mkono wa chini unaoshikilia gurudumu. Ikichanika, inagonga mara moja ukikanyaga breki, na tena ukiondoka.

Dereva wa Familia: Kwenye breki haigongi. Na rak nimeshaagiza.

Mama Gereji: Umeagiza kabla ya kupima! Zima injini, gari likiwa chini, mtu atikise usukani kidogo huku na huku, wewe shika buti la rak, ule mpira wa mikunjo mwishoni mwake. Mlegeo utausikia mkononi. Halafu sema kweli: ni nini kilifunguliwa karibuni?

Dereva wa Familia: Shokapu za mbele, wiki iliyopita. Ila ni mpya, haziwezi kuwa tatizo. Maunti, vile vishikio vya juu vya shokapu, tulirudishia zile za zamani, zilikuwa nzima.

Kandokando: Shokapu zimezaliwa sasa hivi? Uzi wa kutunga huu, ufungwe.

Dereva wa Familia: Sijatunga. Nimefungua boneti: nati ya katikati juu ya shokapu ya kushoto ina duara linalong'aa chini ya washa. Kulia halipo.

Mama Gereji: Basi nati imelegea, washa inasugua. Mashine ya upepo huzungusha rodi pamoja na nati, ukadhani imekaza. Gari likiwa chini, zuia rodi ya shokapu kwa aleni (ufunguo wa pembe sita), kaza kwa spana ya pete, umalizie kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kukaza tu! Usiifungue bila kibana springi, springi ikifyatuka inaua. Ikiendelea kugonga, mpira wa maunti umekufa. Badilisha pande zote mbili, na beringi zake.

Mzee wa Bushi: Ukija kugusa bushi, kaza boliti zake gari likiwa limekalia matairi. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejisokota, unachanika mapema.

Dereva wa Familia: Nati imezunguka karibu duru nzima. Naenda kuijaribu. Rak ikifika nitaiweka akiba.

Mama Gereji: Irudishe ingali kwenye boksi.