Faiba ya jengo, wifi ya mtaa au ruta ya 5G: ipi haizami saa tatu usiku?

Mpangaji_Kasarani
Wadau, nimehamia ghorofa jipya Kasarani na kazi yangu ni kuhariri video, kwa hiyo kupakia mafaili makubwa ni lazima. Nina njia tatu: faiba iliyoingia jengoni, Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde), wifi ya mtaa, Mbps 10, karibu nusu ya bei, au ruta ya 5G. Majirani wanasema zote huzama usiku. Ipi ina nafuu?

FundiNyaya
Zote mnagawana, tofauti ni mnagawana wapi na mko wangapi. Faiba nyingi za nyumbani ni za mfumo wa GPON: uzi mmoja unatoka kituoni na kasi ya Gbps 2.488 kushusha (yaani Mbps 2,488) na 1.244 kupandisha, kisha splita inaugawa kwa nyumba 32 au 64. Piga hesabu. Nyumba 64 zote zikivuta Mbps 20 kwa mpigo ni Mbps 1,280, nusu tu ya uwezo wa uzi. Kwa hiyo ukiona faiba ya 20 imeshuka hadi 4 usiku, usilaumu splita. Mara nyingi tatizo liko mbele zaidi: laini ya kutoka kituoni kwenda nje imenunuliwa ndogo kuliko wateja waliouziwa. Ndiyo maana mitaa miwili yenye kampuni moja na kifurushi kimoja inaweza kupata huduma tofauti kabisa.

MamaZawadi
Wifi ya mtaa nimeitumia, na siitukani, maana ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Lakini mwenye nayo huenda amechukua laini moja ya Mbps 100 na kuigawia nyumba 40. Mchana watu wako kazini, inaruka vizuri. Usiku kila sebule inatazama video, na video ya HD hula kama Mbps 5. Arobaini mara tano ni 200, na laini ni ya 100. Muulize laini yake ni ya ngapi na wateja wangapi. Akikwepa swali, umeshajibiwa.

JiraniWaMnara
5G na 4G ni habari nyingine: unagawana mnara na simu zote za mtaa, hata za wapita njia. Tena aliye mbali na mnara anachukua muda mrefu zaidi hewani kupata data ileile, kwa hiyo anawapunguzia wote. Kwa kupakia video mimi singeitegemea.

Pwani_Kilifi
Hata setilaiti haijaepuka. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Huku kwetu watu wametawanyika, inafaa sana. Mjini kwenye msongamano, sikushauri.

Mpangaji_Kasarani
Asanteni sana. Sasa nitajuaje kabla ya kulipa?

FundiNyaya
Mwombe jirani mwenye faiba hiyohiyo akuruhusu upime. Chomeka laptop kwa waya kwenye ruta, wengine nyumbani wasiwe wanatumia, upime saa nne asubuhi na saa tatu usiku, siku ya kazi na Jumapili. Andika na kasi ya kupandisha, wengi huisahau na kwa kazi yako ndiyo muhimu. Ikishuka kwenye waya usiku tu, ni mgawano wa mtandao. Ikiwa waya uko sawa ila wifi inasuasua, shida iko ndani ya jengo: bendi ya 2.4 GHz, moja ya masafa ya wifi, ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na ghorofani ruta zote zinazigombania. Hapo hamia bendi ya wifi ya 5 GHz (siyo 5G ya simu), na usiongeze kifurushi, utatupa pesa bure.

MamaZawadi
Na usilipie miezi mitatu ya mbele hata wakikupa punguzo. Anza na mmoja.