Tupeane uzoefu: mfumo wa chanzo huria uendelee kubeba prosesa zipi za zamani?

#1
Wakuu, salaam. Debian 13 (mfumo endeshi wa chanzo huria unaotumia Linux) ilipotoka Agosti 2025 haikuleta tena kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha i386, yaani prosesa za Intel na AMD za biti 32. Sanifu (aina za prosesa) za mipsel na mips64el ziliondolewa kabisa, na toleo hilohilo likaipokea riscv64 rasmi. Wengi wakatangaza kwamba biti 32 imekufa. Paketi za i386 bado zipo, ila zimekusudiwa kukaa juu ya prosesa ya biti 64 ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi.

Ukisema mfumo "unasapoti" prosesa fulani, unazungumzia kerneli, kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa maelekezo ya prosesa), ghala la paketi na kisakinishi. Kila kimoja kina watu wake na kinaweza kuondoka peke yake. Tupeane uzoefu: mstari uchorwe wapi, na nini huharibika ukichorwa vibaya? Tajeni prosesa, amri na kosa lenyewe.

#2
Mimi mstari nauweka kwenye maelekezo ambayo kompaila inaruhusiwa kuyatoa. Idadi ya biti haikuambii mengi. Debian 12 ilidai i686 kamili pamoja na NOP ndefu (elekezo refu lisilofanya kitu), prosesa ya AMD Geode ikabaki nje. Debian 13 ikadai SSE2 (maelekezo ya ziada ya hesabu), hapo Pentium III na Athlon XP zikaachwa kwa sababu zina SSE ya kwanza tu. Pentium 4 inayo SSE2.

Watu hudhani SSE2 inatakiwa kwa ajili ya kasi peke yake. Bila hiyo, hesabu za desimali hupita x87, kitengo cha zamani cha hesabu ndani ya prosesa, ambacho rejista zake (sehemu ndogo za kushikia namba) ni za biti 80. Namba ikibaki kwenye rejista inakuwa na usahihi mkubwa kuliko ikiandikwa kwenye memori kwa biti 64. Kwa hiyo `a == b` inaweza kuwa kweli leo, na kesho ukibadilisha kiwango cha `-O` (uboreshaji wa kompaila) ikawa uongo. Majaribio ya paketi za hesabu yanafeli kwenye i386 pekee, na mtunza paketi anakesha akitafuta kosa ambalo halimo kwenye kodi yake. Lugha ya Rust nayo, kwa i686 ya kawaida, inachukulia SSE2 ipo.

Dalili ya kuvuka mstari: programu inakufa na `Illegal instruction`, na `echo $?` inajibu 132, yaani 128 kujumlisha ishara ya 4. `dmesg | tail` itaonyesha `trap invalid opcode`. Fungua programu kwa `gdb` (kitafuta hitilafu), iendeshe mpaka ife, kisha andika `x/i $pc`. Ukikuta `cvttsd2si` kwenye Pentium III, hiyo ni SSE2, usihangaike kubadilisha RAM.

#3
Kwa mafundi wa kompyuta za mtumba na maabara za shule: pimeni kwanza. Mashine nyingi zinazoitwa za biti 32 ziliwekewa tu Windows ya biti 32. Washa kwa flashi yoyote ya Linux ya biti 32, andika:

`grep -ow lm /proc/cpuinfo | head -1`

Ikijibu `lm`, prosesa ni ya biti 64. Core 2 Duo itajibu. Atom N270 ya vile vilaptop vidogo vya 2008 itakaa kimya.

Kuna mtego kwenye Atom Z3735F: prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI yake (programu ya kuwashia mashine) ni ya biti 32. Flashi isipokuwa na `EFI/BOOT/bootia32.efi`, mashine haiioni kabisa na fundi anaitupa akidhani imekufa. Ukishaingia kwenye Linux kupitia UEFI, hakikisha kwa `cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size`.

Na tafadhali, msipandishe i386 kwenda Debian 13 juu kwa juu. Nakili data, sakinisha amd64 (Debian ya biti 64) upya. Kubadilisha usanifu bila kusakinisha upya kunawezekana, ila katikati ya safari dpkg na apt (visimamizi vya paketi) na libc (maktaba ya msingi) vinakuwa mchanganyiko. Umeme ukikatika hapo, mashine haiwaki tena bila flashi ya uokoaji.

#4
Umri wa prosesa si kigezo. Linux 4.17 ya mwaka 2018 iliondoa sanifu nane kwa mpigo: blackfin, cris, frv, m32r, metag, mn10300, score na tile. Nyingi ni changa kuliko m68k (prosesa za zamani za Motorola), na m68k bado imo kwa sababu ina watu wanaoitunza. Itanium iliyouzwa kwa bei ya seva kubwa iliondolewa kwenye 6.7.

Maswali ya kuuliza: nani atarekebisha kompaila? Mashine za kujengea paketi zinapatikana wapi? Mchakato mmoja wa biti 32 hauwezi kuvuka GiB 4 za anwani, na linka (programu ya kuunganisha vipande vya kodi) ya kivinjari kikubwa inagonga ukuta huo hata seva ikiwa na RAM ya GiB 256. Watunzaji hupunguza taarifa za kutafutia hitilafu kwa `-g1`, lakini dawa hiyo ina kikomo. Upande wa Debian Ports (sanifu zisizo rasmi), alpha, hppa, m68k na sh4 zinabanwa na Rust, na paketi za msingi zinazoihitaji zinaongezeka.

#5
Msisahau kwamba hata ndani ya biti 64 kuna ngazi. RHEL 9 (Linux ya kampuni ya Red Hat) inadai x86-64-v2, yaani ngazi ya pili ya maelekezo, RHEL 10 inadai v3. Core 2 Duo haina maelekezo ya SSE4.2 wala POPCNT, kwa hiyo haifiki v2. AlmaLinux 10, inayofuata RHEL, imejenga toleo la pembeni la v2. Pima kwa `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help`, soma mistari ya mwisho. Kwa maoni yangu njia ya glibc-hwcaps (folda tofauti za maktaba kwa kila ngazi) ni ya haki zaidi: msingi unabaki v1, na maktaba chache nzito zinawekwa mara mbili.

#6
Mkuu wa #1, kuna jambo la 2038. Saa ya sekunde za biti 32, zinazohesabiwa tangu 1970, itajaa 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Debian 13 imehamisha armhf (prosesa za ARM za biti 32) kwenye saa ya biti 64 na kuiacha i386 kama ilivyo, maana binari za zamani zinategemea ukubwa uleule wa miundo.

Ukijenga mwenyewe kwa glibc (libc ya Linux) 2.34 au zaidi, tumia zote mbili: `-D_TIME_BITS=64 -D_FILE_OFFSET_BITS=64`. Ukiweka ya kwanza peke yake kompaila inakataa. Na jenga upya kila maktaba inayopokea `time_t` au `struct timeval` (aina za data za saa). Maktaba ikiandika baiti 16 pale programu ilipotenga 8, inafuta kilicho jirani kwenye memori, na programu inaanguka mbali na kosa lenyewe. Ndiyo maana paketi nyingi za maktaba zikaongezewa `t64` mwishoni mwa jina, ili za zamani na mpya zisichanganyike.