Ulinganisho: Donkey Kong ya mwaka 1981, ni toleo lipi linalofaa kuchezwa leo?

Fundi Ribiti (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe matoleo ya Donkey Kong, gemu ambayo Nintendo waliitoa mwaka 1981 kwa mashine za kutumbukiza sarafu, ili anayetaka kuirudia leo ajue aanzie wapi. Ninayaweka mezani matoleo manne: la mashine yenyewe, ambalo kampuni ya Hamster ililirudisha kwenye Nintendo Switch mwaka 2018, la ColecoVision (mashine ya nyumbani ya kampuni ya Coleco) la mwaka 1982, la Famicom (mashine ya nyumbani ya Nintendo) la mwaka 1983, na la Game Boy (mashine ya mkononi ya Nintendo) la mwaka 1994.

Mimi nasimama na la mashine. Shigeru Miyamoto, ambaye wakati huo alikuwa kijana anayefanya kazi chini ya uangalizi wa Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, aliijenga gemu hii kama kisa chenye mwanzo, katikati na mwisho, jambo ambalo gemu za wakati ule hazikuwa nalo sana. Sokwe anapanda jengo akiwa amembeba mwanamke, anarukaruka juu hadi boriti za chuma zinapinda, kisha Jumpman, ambaye baadaye dunia nzima ilimfahamu kwa jina la Mario, anamfuata kwa kupanda mita 25, 50, 75 na 100. Kule juu kabisa anang'oa ribiti nane zinazoshikilia jengo na sokwe anaanguka kichwa chini. Ukiondoa hatua moja kati ya hizo nne, umeondoa ghorofa nzima ya kisa hicho, na ndivyo walivyofanya watu wa ColecoVision na wa Famicom walipoiacha hatua ya mita 50 yenye mikanda ya kiwandani.

Pedi ya Njano

Mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu kisa, lakini naomba toleo la Famicom lisihukumiwe kwa kile lilichokosa peke yake. Wengi wetu Afrika Mashariki hatukuikuta Donkey Kong kwenye mashine ya sarafu. Tuliikuta ndani ya kaseti zenye gemu nyingi, kwenye mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom na kuchomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Toleo hilo ndilo lililotufundisha kupima mruko kabla ya kubonyeza, kwa sababu Jumpman akishaiacha ardhi huwezi kumgeuza hewani, na akianguka hata kimo kidogo anakufa. Kanuni hizo zilihamishwa kwa uaminifu mkubwa katika kaseti ya kilobaiti 24 tu, na mimi ninaiona kazi hiyo kuwa ya kuheshimiwa.

Isitoshe, mzunguko wa hatua tatu ni mfupi, na mtoto anayeanza leo ataliona jengo lote kabla hajachoka.

Mama Nyundo

Wakuu, naomba niongeze jambo ambalo mleta mada hakuligusa, nalo linaubadilisha ulinganisho huu. Mashine za Japani na za Marekani hazikupanga hatua kwa namna moja. Ya Japani inakwenda moja kwa moja kutoka mita 25 hadi 100, kwa hiyo kisa kinafuata kimo cha jengo. Ya Marekani inaruka kutoka mita 25 hadi 100 katika kiwango cha kwanza, yaani mzunguko wa kwanza wa hatua, inaongeza mita 75 katika kiwango cha pili, na mita 50 haionekani mpaka kiwango cha tatu. Mchezaji wa kawaida wa Marekani, ambaye sarafu yake iliisha mapema, huenda hakuiona mikanda ile hata siku moja. Toleo la Hamster limebeba mpangilio wa Japani na wa Marekani pia, kwa hiyo anayelinunua achague wa Japani kwanza.

Hatua ya mita 25 pia inastahili kutazamwa kwa makini. Pipa la kwanza linashuka wima mpaka kwenye tangi la mafuta lililo chini kushoto, linawasha moto, na moto huo unatoa ndimi zinazotembea. Ngazi nyingine zimevunjika, wewe huwezi kuzipanda hadi juu, lakini mapipa yanashuka kupitia hapo. Upande unaouelekeza mpini wa kuongozea wakati pipa linapofika kichwani mwa ngazi unaweza kuchangia kuamua kama litashuka au litaendelea kubingirika, na wachezaji mahiri wamejenga ustadi wao mwingi juu ya siri hiyo. Nyundo nayo ina gharama yake: ukiishika unavunja mapipa na kupata pointi, lakini huwezi kuruka wala kupanda ngazi mpaka muda wake uishe, na wakati huo wote bonasi, yaani pointi zinazopima muda uliobaki, inapungua.

Mpenda Game Boy

Ndugu zangu, hakuna aliyelitetea toleo la mwaka 1994, na kwangu hilo ni pengo kubwa. Linaanza na hatua zile zile nne, ikiwamo ya mita 50, kisha sokwe anamchukua tena Pauline, yule mwanamke wa mwanzo, na gemu inafunguka hadi kufikia hatua 101 kwa jumla. Mario anajifunza kusimama kwa mikono na kupinduka hewani, na kazi yake inakuwa kubeba ufunguo hadi mlangoni. Anaweza pia kuanguka kimo kifupi bila kufa. Kwa mtu anayetaka kucheza kwa wiki nyingi, sioni toleo linalolishinda.

Fundi Ribiti

Mpenda Game Boy, ninalipenda toleo hilo sana, lakini baada ya hatua ya nne linakuwa gemu ya kutafuta njia na kufungua milango. Ukali wa mwaka 1981 haupo tena. Pale makosa madogo yalikuua, na ndiyo maana kila boriti uliyoifikia ilikuwa na thamani.

Kuhusu toleo la ColecoVision, lilikuja ndani ya boksi pamoja na mashine na liliwashangaza wanunuzi wa mwaka 1982, ila sokwe wa hatua ya kwanza amehamishiwa upande wa kulia na mita 50 haipo. Leo ningelipendekeza kwa mkusanyaji wa vitu vya kale pekee.

Pedi ya Njano

Swali moja kwa Mama Nyundo: je, toleo la mashine lina mwisho, au hatua zinajirudia bila kikomo?

Mama Nyundo

Linakwama kwenye kiwango cha 22. Muda wa bonasi hukokotolewa kwa kuzidisha kiwango kwa 10 na kuongeza 40. Kiwango cha 22 kinatoa 260, lakini nafasi ya kumbukumbu iliyotengwa hutunza thamani zisizozidi 255, kwa hiyo hesabu inarudi mwanzo na kubaki 4. Bonasi inaanza na pointi 400, na Jumpman anakufa kabla hajafika juu. Kwenye Switch unaweza kuligeuza skrini lisimame wima kama la mashine. Fanya hivyo kabla ya kuanza, maana gemu hii ilichorwa kwa kimo, na ukiiacha katika ulalo wa televisheni unaicheza ikiwa imebanwa katikati.